Nyumba ya Magurudumu Manne: Wikiendi Nyuma ya Mlima Meru

Kama umewahi kusimama pale Mnara wa Saa, Arusha, kati ya wauza picha na madereva teksi, basi utakuwa umeyaona. Katikati ya foleni ya daladala na Land Cruiser za watalii linatokea dude moja refu, rangi ya jeshi au ya mchanga, tairi zake zinamfika mtu kiunoni. Mgongoni limebeba chumba kizima chenye vidirisha na ngazi ubavuni, na namba zake ni za Ujerumani, Uholanzi au Uswisi. Dereva ni mzee wa Kizungu aliyepigwa na jua, na pembeni yake yupo mama mwenye miwani anayechungulia nyaya za umeme juu, zisije zikanasa. Watoto wanapunga mikono. Wewe unabaki kujiuliza: hivi hawa hawakuona ndege?

Wameziona sana. Wameamua tu kuja na nyumba yao.

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei hoteli yenye bwawa la kuogelea wala mgahawa mpya wa Njiro. Nimekuletea magari. Usifungue ukurasa wa pili kwanza, maana ndani ya haya magari kuna mambo ya ndoa ambayo hata semina za kanisani hazijawahi kuyagusa. Nami nilikuwa na sababu yangu binafsi ya kuyafuatilia. Mume wangu ana mwaka wa tatu sasa anafanya kazi Dodoma, mimi na watoto tuko Arusha. Tunaonana wikiendi mbili kwa mwezi, na moja kati ya hizo huishia kwenye harusi ya mtu. Mwaka huu akaja na wazo: zile fedha tulizoweka za msingi wa nyumba Usa River tununulie Land Rover 110 kuukuu, tulitengeneze tuweze kulala ndani, tuwe tunatoka sisi wawili. Mama mkwe aliposikia alikaa kimya siku nzima. Mimi nikasema sitajibu mpaka nimewaona wanaoishi maisha hayo.

Kabla hujawacheka Wajerumani, ujue habari hii ilianzia hapa kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907 luteni mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari kwenda kuvuka Afrika mpaka pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miaka miwili! Gari lake lilitengenezwa kwa agizo maalumu, refu kwenda juu ili lisigote mawe na visiki, katika mji mdogo unaoitwa Gaggenau. Ulikumbuke jina hilo, tutalirudia. Miaka michache baadaye wakaja wanandoa, Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, waliotoka Cape Town mwezi Septemba 1924 wakafika Cairo Januari 1926 na malori mawili mepesi ya Kiingereza aina ya Crossley. Miezi 16 ya kusukuma, kujenga madaraja ya magogo na kuvuta kwa kamba. Stella aliandika kitabu kizuri sana. Ndoa ilivunjika miaka ya 1930. (Mume wangu anasema hiyo si hoja. Mimi nasema ni hoja.)

Sasa turudi Gaggenau. Baada ya Vita Kuu ya Pili mhandisi Albert Friedrich, aliyekuwa ametoka kwenye injini za ndege, alibuni gari la mkulima: nusu trekta, nusu lori. Upana wa magurudumu ya lile la kwanza ulipimwa ulingane na matuta mawili ya viazi. Likaitwa Unimog. Kuanzia mwaka 1951 mpaka 2002 lilitengenezwa Gaggenau, kabla kazi haijahamishiwa mji wa Wörth. Wakulima walilipenda, majeshi yakalipenda zaidi, na majeshi yalipoanza kuyauza yaliyochoka, wakatokea watu waliosema: hili tukiweka kitanda na jiko tutafika popote.

Siyo Unimog peke yake. Waaustria walikuwa na Pinzgauer kutoka Graz, kadogo lakini kapandaji kuliko mbuzi. Wataliano wana Iveco zao, na Waingereza waliwahi kujazana kwenye malori ya Bedford, wale vijana ishirini ishirini waliokuwa wakitokea Nairobi na kupiga kambi nje kidogo ya mji huu. Lakini mzee mwenye mke na pensheni, mara nyingi utamkuta kwenye Unimog. Kuna sababu ya leseni pia: leseni za zamani za Ujerumani za gari dogo ziliruhusu mtu kuendesha mpaka tani saba na nusu. Ndiyo maana malori mengi ya namna hii hayazidi uzito huo. Mtu alipata leseni akiwa na miaka 18, akiwa na 65 anaendesha nyumba.

Wenyeji wangu niliwapata gereji, mtaa wa Unga Limited. Ni wanandoa wa miaka sitini na kitu, mama alikuwa muuguzi, mzee alikuwa mwalimu. Walikuwa barabarani mwezi wa 14. Njia ya asili, ile ya Cairo kuja huku, imekatwa na vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023, kwa hiyo walizungukia Afrika Magharibi: Moroko, Senegali, Kameruni, Kongo zote mbili, Angola, Namibia, Zambia, wakaingia kwetu kwa Tunduma. Eti Mnara wa Saa uko nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo. Wachora ramani waache wabishane, ila hao hawakuiona nusu ya juu.

Unimog lao lilikuwa linavuja mafuta kwenye gurudumu la nyuma. Hapa ndipo nilipoelewa kitu cha kwanza. Gari la kawaida, ekseli inapita katikati ya magurudumu, na lile donge la difu linaning'inia chini likisubiri jiwe. Kwenye Unimog ekseli imepandishwa juu, halafu nguvu inashushwa kwa gia zilizofichwa kila gurudumu. Tumbo la gari linabaki juu, mawe yanapita chini kwa raha zao. Gharama yake ni kwamba kila gurudumu lina kisanduku chake cha gia, mafuta yake na sili yake. Sili ikichoka, inalia. Spea hiyo mzee aliambiwa itatoka Ujerumani kwa ndege, asubiri.

Fundi hakusubiri. Aliitoa ile sili, akaipangusa kwa shati, akasoma namba: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, unene. "Bosi, hii haijui kama iko kwenye Unimog," akasema. Akamtuma kijana kwenye duka la spea za matrekta. Baada ya saa moja na nusu kijana akarudi na sili mbili zenye namba zile zile, moja ya kufunga na moja ya akiba. Mzee aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wake. Fundi huyo huyo ndiye aliyekuwa anauza ile 110 mume wangu aliyoipenda. Basi tukakubaliana: wao wanataka kuuona Meru kwa nyuma, sisi tunataka kulijaribu gari. Twende pamoja, siku tatu. Watoto wakapelekwa kwa bibi yao Tengeru.

Tulitoka Ijumaa kwa barabara ya Namanga. Mimi nilipanda kwa Wajerumani, mume wangu na fundi wakawa nyuma na 110. Sasa sikiliza. Unimog la Ulaya lina usukani kushoto, na kwetu tunaendesha kushoto, maana yake dereva amekaa upande wa majani. Ukiwa nyuma ya lori la saruji linalopanda kutoka Ngaramtoni, dereva haoni chochote mbele. Anayeona ni abiria. Kwa hiyo mama yule alikuwa anachungulia, anasema neno moja, na mzee anatoka kulipita lori bila kuona mwenyewe. Au anasema jingine, na mzee anabaki pale pale hata kama dakika tano. Hakumuuliza hata mara moja "una uhakika?" Tangu Namibia, mama alisema, ndivyo walivyo. Nilimfikiria mume wangu, ambaye nikimwambia "breki" ananijibu "nimeona." Nikanyamaza.

Kuovateki kwenyewe si kwa kushtukiza. Dude linakwenda kilometa 80 kwa saa likijitahidi, kelele za injini mpaka tunaongea kwa kupayuka, na linakunywa lita 20 na zaidi za dizeli kwa kila kilometa 100. Nilimuuliza kwa nini wasinunue jipya lenye mambo ya kisasa. Akasema injini za kisasa za Ulaya zinataka dizeli safi mno na kimiminika cha kusafishia moshi ambacho ukikikosa, kompyuta inakata nguvu ya gari. Afrika Mashariki tulihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, lakini yeye amepita nchi ambako dizeli inauzwa kwenye chupa. Lake la miaka ya 1980 halina kompyuta ya kugoma.

Oldonyo Sambu tukaacha lami, tukakata kulia kuelekea Ngarenanyuki. Wanaoijua Meru ya kusini, ile ya migomba, kahawa na mifereji, watadhani wamebadilisha nchi. Mlima umeizuia mvua upande huu. Vumbi jepesi kama unga wa muhogo, migunga, maboma ya Wamasai, na punda wenye madumu. Mbele Kilimanjaro inaelea. Nyumbani tumezoea kuuona mgongo wa Meru, mita 4,566 za mlima mnyoofu wa kwenye kalenda. Ukizunguka kuelekea mashariki ndipo unapoona ulivyobomoka: ubavu mzima haupo, na ndani yake kumekaa kilima cha majivu. Mara ya mwisho ulitema majivu mwaka 1910.

Tulifika kwenye korongo kavu lililokatwa na mafuriko. Unimog likatangulia. Nilisimama chini nikaliona likijipinda, kweli kabisa: gurudumu la mbele kulia limepanda, la nyuma kushoto limepanda, chesisi katikati imenyongwa kama kitambaa kinachokamuliwa. Chumba juu yake kilibaki kimetulia. Fundi alinionyesha siri: boksi halikufungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Limekaa juu ya fremu yake yenyewe, iliyoshikwa kwa egemeo linalozunguka mbele na nyuma, ili chesisi ijinyonge inavyotaka bila kuvunja kuta. "Ukilifunga kwa bolti nane, dada, mwezi wa kwanza mlango haufungi. Wa pili, madirisha yanapasuka." Ameona malori mengi ya hivyo yakiletwa gereji, mengine ya bei inayojenga ghorofa.

Zamu ya 110 mimi ndiye niliyesimama mbele kuelekeza. Katikati ya korongo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakaninginia hewani, yakazunguka bure. Difu ya kati ilikuwa imefungwa, lakini fowili ya Land Rover haina kufuli za ekseli kama Unimog, hapo haina ujanja. Nilimwona mume wangu anakaza taya, anataka kukanyaga mafuta. Nikanyoosha mkono: simama. Akasimama. Tukapanga mawe chini ya gurudumu la nyuma, nikamwambia arudi nyuma kidogo, kulia, kulia tena. Alinitazama mimi tu, hakuangalia kioo. Gari likatoka. Nilikuwa sijatazamwa hivyo tangu mwaka wa uchumba, na wala sitanii.

Ngarenanyuki ni nchi ya nyanya. Matenga yamepangwa barabarani, malori yanapakia, mama yule akanunua nyanya, vitunguu na ndizi, akapatana bei kwa vidole. Nitasema ukweli: wapo wasafiri wa malori haya wanaobeba mpaka pasta kutoka kwao na hawaachi kitu kijijini zaidi ya alama za tairi. Hao sitawapigia debe. Jioni mzee alitaka kujaza tangi lake, lita 200, kwenye bomba la kijiji. Fundi akamzuia. Maji ya upande huu wa Meru yana floraidi nyingi ya asili ya volkano. Ndiyo inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu, na ikizidi inapinda mifupa. Mzee alionyesha kichujio chake cha bei mbaya. Kichujio hicho kinakamata vijidudu, floraidi inapita kama mwenye nyumba. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, na ndiyo kazi iliyofanywa miaka mingi na kituo cha utafiti pale Ngurdoto. Muuguzi yule alichukua daftari akaandika yote.

Tulilala nje ya hifadhi, karibu na Momella. Hapo ndipo ilipopigwa filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962, John Wayne na wenzake wakikimbiza wanyama kwa magari. Mjerumani aliyekuwa ndani yake, Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba papo hapo. Mzee aliiona akiwa mtoto, na safari yote hii, mkewe alisema, ilianzia kwenye kiti cha sinema. Hifadhini kwenyewe hawakuingia na Unimog: gari la namba za kigeni linalipishwa kwa dola na kwa uzito, na kwa nyumba nzima hesabu inauma. Jumamosi walipanda kwetu kwenye 110, tukaenda kuangalia twiga na flamingo wa maziwa ya Momella.

Usiku ule mama alinikaribisha ndani. Mita za mraba saba, nilizipima kwa hatua. Kitanda, meza, jiko la moto mbili, sinki, choo cha kuvuta kama droo. Nikamuuliza swali ambalo nyote mnataka kuuliza: mkikorofishana?

Akacheka. Kongo-Brazzaville, kwenye matope, walinuniana siku tatu. "Utanunia wapi humu?" akasema kwa Kiingereza chake. "Ukigeuka, mgongo wako unamgusa." Siku ya nne alimwambia mumewe ampeleke uwanja wa ndege wowote. Uwanja ulikuwa mbali, njia ilikuwa mbovu, na kufika huko walihitaji mmoja aendeshe na mwingine atembee mbele kupima kina cha madimbwi kwa fimbo. Alitembea mbele. Kabla ya kufika walikuwa wameanza kuongea habari za madimbwi. Tangu hapo wana utaratibu: mwenye hasira anachukua kiti anakwenda kukaa nje nyuma ya tairi la akiba, na mwenzake haruhusiwi kumfuata mpaka birika lichemke. Nyumbani kwao, alisema, wana vyumba sita, na waliwahi kumaliza majira ya baridi yote wakipishana kwenye korido. Hakusema kama sasa mambo ni mazuri. Alisema tu kwamba mzee anakoroma na kwamba Machi wanatarajia mjukuu.

Niliporudi kwenye hema la juu ya 110, mume wangu hakuwa amelala. Tuliongea mpaka fisi wakanyamaza. Dodoma, watoto, mama yake, yule mfanyakazi mwenzake anayempigia usiku "mambo ya ofisi." Ndiyo, hilo nalo lilizungumzwa. Sitaliandika hapa.

Kuhusu gari, hesabu zilikuwa wazi. Unimog silitaki hata kwa zawadi: gari la kigeni linaingia kwa kibali cha muda, ukilinunua unalilipia ushuru, na kwa gari kuukuu serikali inaongeza chake. Land Rover ni kitu kingine. Bodi ya aluminiamu haiozi, maana mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kiwanda kilitoa Defender ya mwisho ya umbo hilo Januari 2016, lakini Arusha hakuna aliyeambiwa. Zipo Longido na Simanjiro zinabeba watu, mbuzi na magunia siku za gulio. Oktoba 2024 zilikusanyika hapa zaidi ya 1,000 kwenye msafara mmoja, kuipita rekodi ya Wajerumani ya mwaka 2018 ya magari 632. Mzee wa Unimog alipoambiwa hivyo alisema Wajerumani wale walikuwa wamepanga mistari vizuri zaidi.

Fundi alitaja bei, mimi nikataja nyingine. Alininung'unikia: "Shemeji, hiyo ni bei ya injini tu." Nikamwambia basi atoe injini, tubaki na bodi. Mume wangu akageukia mlima kuficha kicheko. Tulifika mahali ambapo nusu ya fedha za msingi inabaki benki, na nyumba ya Usa River itaanza na vyumba viwili badala ya vinne. Mama mkwe nimemwambia mwenyewe, nikiwa nimebeba tenga la nyanya. Akauliza kama hicho kigari kina mkanda wa kiti cha nyuma.

Wajerumani wamevuka Namanga, sasa wako Kenya. Fundi ameomba wiki mbili kubadilisha bushi za mbele na sili zote, na usukani uko kulia. Safari ya kwanza ni Engare Sero, Ziwa Natron, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Maji tunabeba ya kununua.